Kitufe cha Tatu

Wiki ile sikulala vizuri kwa sababu ya kitufe kidogo kama punje ya hindi kilichokuwa kwenye gari la shangazi yangu. Kitufe hicho kilifungua geti la mtu mwingine. Swali lenyewe lilikuwa jepesi: nikifute au nikiache? Watu watatu walikuwa wameshanijibu, kila mmoja kivyake, na wote walinizidi umri. Mtoto wa mwenye geti alisema nikifute na mama yake asijue. Shangazi alisema nikifute na nisimchoshe kwa maelezo. Mwenye geti mwenyewe alisema nisikiguse.

Mwenye geti ni jirani yetu wa Kibamba, mama mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Metroni. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kuwasimamia wauguzi wodini, na alipostaafu cheo kikamfuata nyumbani. Hata fundi wa maji anayekuja kwa mara ya kwanza huelekezwa "kwa Metroni", naye hufika akiwa na adabu ya mtu aliyewahi kulazwa kwake.

Ana masharti ya salamu. Ukimwamkia ukiwa nje ya geti, hajibu. Nilipohamia kwa shangazi ili niwe karibu na chuo, nilitumwa kwake na bakuli la maharage. Nikagonga, nikaona jicho kwenye tundu la geti, nikaliamkia.

"Shikamoo, Metroni!"

"Ingia kwanza. Salamu haipitishwi kwenye tundu kama sigara."

Nikaingia. Akafunga mlango mdogo wa getini kwa komeo la juu, la kati na la chini, akanigeukia na kunyoosha kanga yake.

"Haya, sema sasa."

"Shikamoo."

"Marahaba. Maharage yana chumvi?"

Nilisoma takwimu, na tangu nimalize chuo kazi yangu kubwa imekuwa kufikiria mambo ambayo huenda yasitokee. Metroni aliligundua hilo mapema, akaniita Msomi. Hakukusudia kunisifu. Aliniambia wodini alikuwa na wagonjwa wa aina yangu, wanaouliza dawa itafanya nini, isipofanya itakuwaje, na ikifanya kupita kiasi je. "Hao ndio waliokuwa wanapona," alisema. "Ila walikuwa wanatuchosha."

Nyumba yake iko juu ya mwinuko, na huwezi kumwelewa Metroni bila kuuelewa mwinuko huo. Kutoka barabara ya mtaa hadi getini, gari linapanda kama linataka kuruka ukuta. Ukisimama pale na kushuka kufungua, handibreki peke yake haitoshi. Lazima uweke jiwe nyuma ya tairi. Jiwe lenyewe lipo hadi leo, limepakwa chokaa, liko kulia mwa geti kama mlinzi mfupi.

Mumewe alipokuwa hai, jiwe halikuhitajika. Metroni alifika chini ya mwinuko, akapiga honi mbili fupi, na mzee akatoka na kandambili kufungua. Mzee alikuwa mpole, na hakuwa na haraka ya kitu chochote duniani. Mtaa ulizoea kumwona Metroni amekanyaga breki kwa miguu yote miwili, gari likirudi nyuma kidogo kidogo, yeye akipaza sauti kupitia dirishani.

"Baba, unafungua au unaomba dua?"

"Nimefika, mama, nimefika."

"Umefika wapi? Mie naona kandambili tu!"

Mzee alipofariki, Metroni aliendelea kupiga honi mbili. Shangazi ndiye aliyeniambia hilo, kwa kuwa mie nilikuwa bado sijahamia. Alifika, akapiga honi, akangoja kidogo, kisha akashuka, akaweka jiwe, akafungua mwenyewe. Majirani walidhani amesahau. Sidhani kama alikuwa amesahau. Kusahau si tabia yake.

Kilichomtia hofu hakikuwa jiwe, bali muda ule wa kushuka. Alikuwa na nadharia kuhusu wezi, na aliisema kwa utulivu uleule anaotumia kueleza homa ya matumbo. Nyumba yenye ukuta na vipande vya chupa juu yake, alisema, haimwogopeshi mwizi, wala haimvutii. Mwizi anamngoja mwenye nyumba. Anamngoja ashuke na funguo mkononi, gari likiwa linanguruma, mlango wazi, mkoba kwenye kiti. "Dakika ile," alisema, "ndiyo anayoifanyia kazi. Ukimnyima hiyo, utakuwa umemfukuza kazi."

Kwa hiyo alifunga mota ya geti. Mtaani ilikuwa ya kwanza, na watu walikuja kuiangalia kama wanavyokuja kumwona mtoto mchanga. Geti lake ni la kuteleza kwenye reli; mota ikajibanza pembeni ndani ya kisanduku cheupe, na fundi akamwachia rimoti mbili ndogo. Moja akaitumia. Nyingine akaiweka kwenye kopo la maziwa ya unga, pamoja na mkasi, kipimajoto na sindano za kushonea, bila kuitoa kwenye plastiki.

Kisha mwanawe aliye ng'ambo akamtumia gari. Ni gari la mtumba lakini limetunzwa, na kwenye kile kibao cha kukinga jua juu ya dereva lina vitufe vitatu mfululizo. Kwa miezi mingi tuliamini ni vya taa. Metroni aliviita mapambo. Siku moja nilikuwa nimekaa kwenye gari lake nikisoma kitabu cha maelezo, kwa sababu mie husoma vitabu vya maelezo hata vya pasi, nikakuta kwamba vitufe vile vinaweza kufundishwa kufungua mlango wa gereji.

"Gereji ya nini tena?" aliuliza. "Gari ni zima."

Nikamweleza kwamba kwa wenzetu gereji ni chumba cha kulaza gari nyumbani, na kwamba gari haliwezi kujua kama linafungua chumba au geti la Kibamba. Unalionyesha rimoti, unabonyeza kitufe kwenye kisanduku cha mota, unarudi haraka kwenye gari unabonyeza tena, wanatambuana. Baada ya hapo huhitaji kubeba rimoti. Gari lenyewe linakuwa rimoti.

Tulitumia mchana mzima. Yeye alisimama kwenye kisanduku cha mota, mie nikakaa kwenye usukani, tukawa tunapigiana kelele.

"Nimebonyeza!"

"Umewahi, Metroni, subiri niseme!"

"Wewe unasema lini? Mgonjwa ameshakufa!"

Umeme ukakatika, ukarudi, tukaanza upya. Mwishowe kitaa kidogo kikapepesa, na geti likasogea. Metroni akaja hadi mlango wa dereva. Alinitoa kwenye gari kwa ishara ya mkono, akakaa, akarudi nyuma hadi barabarani, akapanda mwinuko, akabonyeza kitufe cha tatu bila kupunguza mwendo, akaingia. Kisha akatoka kinyumenyume akarudia. Akarudia tena. Watoto wa mtaa wakawa wanapiga makofi kila geti linapofunguka. Mama anayekaanga vitumbua chini ya mwinuko akaacha kikaango kikaungua. Metroni alipotosheka, alimpigia mwanawe simu, na bila kumsalimu akamwambia neno moja tu: "Sijashuka!"

Ila kuna jambo sikulielewa. Alipopanda mwinuko, alibonyeza kitufe, na geti lilipokuwa linafunguka, akapiga honi mbili fupi. Alifanya hivyo kila siku kwa miaka yote niliyomwona akiendesha.

"Metroni, geti limeshafunguka. Unampigia nani?"

"Nyumba," alisema. "Ijue nimerudi."

Urahisi ule aliufurahia, lakini hakuuamini. Aliniuliza maswali ambayo hata mie, bingwa wa maswali, sikuwa nimeyafikia. Mtu akisimama kichakani na mashine yake, akaikamata ile sauti ya gari, je? Nikamweleza nilichosoma: kila ukibonyeza, gari na mota vinatumia namba mpya, aliyenasa ya leo haitamfaa kesho. Akatikisa kichwa, ameridhika. "Kama neno la zamu," alisema. "Zamu ya usiku haitumii neno la mchana." Nikadhani yameisha.

Jumamosi iliyofuata nilimsindikiza Sinza, kwa mama mmoja wa kwaya yao, na njiani tukasimama kuoshesha gari. Kijana wa kuosha akaomba funguo alisogeze. Metroni akamwangalia, akaangalia kile kibao cha kukinga jua, akaniangalia.

"Hebu niambie, Msomi. Huyu akikaa kwenye kiti changu, akafika nyumbani kwangu, akabonyeza, geti litamuuliza jina?"

"Hapana."

"Litamwomba neno lolote?"

"Hapana, Metroni."

"Basi shida haiko hewani. Shida ni kiti. Anayekaa kwenye kiti hiki ndiye mwenye nyumba."

Akakataa kushuka. Waliliosha gari naye akiwa ndani, madirisha yamefungwa, akiwapungia mkono watu wa Sinza kupitia povu. Tangu siku hiyo hakumwachia mtu gari, wala fundi. Likitengenezwa, alikaa kwenye benchi palepale akifuma kitambaa, kama anayemlinda mgonjwa wa upasuaji.

Ungemwona hivyo ungesema huyu ni mtu aliyejifungia. Na kweli madirisha yana nondo, mlango wa nyuma una kufuli mbili, na chumba chake cha kulala kina kitasa ambacho alikinunua mwenyewe na kukijaribu dukani mpaka muuzaji akaomba apumzike. Lakini siku presha ya shangazi ilipopanda, akaanguka jikoni, nikapiga kelele moja tu juu ya ukuta. Metroni alifika bila viatu. Alimlaza shangazi ubavu, akamfungua vifungo, akanituma maji, akanituma simu, akaniambia nisilie kwa sababu nachukua hewa ya mgonjwa. Jioni, shangazi akiwa ameshatulia, nilipomrudisha Metroni kwake tulikuta mlango mdogo wa geti uko wazi, mlango wa nyumba uko wazi, redio inaimba, na mbuzi wa jirani yuko katikati ya bustani akimalizia mchicha.

"Metroni, hukufunga!"

Alimwangalia mbuzi. "Na wewe ungefunga?" akaniuliza, kisha akaenda kutafuta fimbo.

Umeme ulipokuwa haupo, alikuwa mtu mwingine. Mota ina betri, lakini ya kwake ilichoka mapema. Mara ya kwanza kumkwamia alikaa kwenye gari mbele ya geti, juu ya mwinuko, amekanyaga breki, akila karanga. Shangazi alimwona akaenda.

"Metroni, shuka basi, tukusaidie kusukuma geti."

"Nani kakuambia nimekwama? Napumzika."

"Kwenye mwinuko?"

"Kuna upepo."

Alipumzika mpaka miguu ikaanza kumtetemeka. Ndipo akaniita, mie tu, akaninong'oneza mahali ulipo ufunguo mdogo wa kuachilia mota, nikaweka jiwe, nikaachilia, nikasukuma geti kwa mikono. Alipoingia alipiga honi mbili kama kawaida. Shangazi alicheka hadi akashika ukuta.

Macho yakaanza kumsumbua polepole, na yeye akalipokea jambo hilo vizuri kuliko tulivyotarajia. Daktari alimwambia aache kuendesha. Alirudi, akatuita mie na shangazi, akatuambia gari linauzwa na kwamba angependa liende mtaa huuhuu. Shangazi, ambaye alikuwa akitafuta gari, akalichukua. Sikuwahi kuona gari likikabidhiwa vile. Metroni alinizungusha kandokando ya gari, mikono nyuma, akitoa ripoti kama ya asubuhi wodini.

"Amelala vizuri. Akipanda mlima anapata joto, usimkimbize. Mlango wa nyuma kushoto ni mbishi, mpe bega. Mafuta anakula kiasi. Kwa huyu sina wasiwasi."

Kisha akagusa kile kibao.

"Hiki cha tatu usikifute."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema atanieleza. Wiki hiyohiyo alinikaribisha chai, akafungua kopo la maziwa, akatoa ile rimoti ya pili ikiwa bado kwenye plastiki, akanisukumia mezani. Sikuipokea. Nilimwambia kitufe cha kwenye gari kinatosha, kwa kuwa gari tunalo jirani. Nilisema hivyo haraka, na akairudisha kwenye kopo bila kunibembeleza.

Sababu zangu nilizijua. Kitufe cha gari hakina mwenyewe. Kama siku moja kitu kingepotea kwa Metroni, watu wangesema ni gari, au mota, au umeme. Rimoti iliyo mfukoni mwangu ina jina langu. Kwa mawazo kama yangu, nilishaona polisi, nilishaona mwanawe akishuka uwanja wa ndege, nilishajiona nikieleza namba zinazobadilika mbele ya watu wasiotaka kusikiliza. Kwa hiyo kitufe kikabaki kwenye kibao, na mambo yakaenda.

Yaliacha kwenda siku shangazi alipoamua gari liingie kwenye biashara ya teksi za kuitwa kwa simu. Alishampata dereva, kijana wa Segerea mwenye heshima zake, anayeanza Jumatatu. Sina lolote baya la kusema juu yake. Lakini angekaa kwenye kiti, na nyuma yake wangekaa watu wa kila aina, na kitufe cha tatu kingekuwa juu ya kichwa chake, bila maandishi, kikisubiri kidole cha mtu aliyechoshwa na foleni.

Sijui nani alimwambia mtoto wa Metroni aliye ng'ambo. Alinipigia.

"Mdogo wangu, samahani kukusumbua. Ile ishu ya geti. Futa ile kitu, tafadhali. Mie huku silali."

"Sawa, kaka. Nitamwambia mama."

"Usimwambie. Ukimwambia atakataa, unamjua. Wewe futa tu, kimyakimya. Hata hatajua, si haendeshi tena?"

Ilikuwa kweli, hangejua. Kufuta ni rahisi kuliko kufundisha: unashikilia vitufe viwili vya pembeni mpaka taa ipepese haraka, basi. Unaweza kuifanya ukiwa umesimama kwenye foleni ya mafuta. Ndicho kilichonitesa. Kama ingekuwa kazi ngumu, ningepata kisingizio.

Nilimwomba shangazi ushauri. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso.

"Kafute. Hilo ni gari la biashara sasa."

"Na Metroni akianguka kule ndani?"

"Atapiga simu."

"Wewe ulipiga simu?"

Akaacha kuchambua. "Mtoto wewe, unafikiria sana," alisema, lakini hakusema tena nifute.

Jumapili mchana, baada ya ibada, niliendesha gari hadi kwa Metroni. Sikubonyeza kitufe. Nilipiga honi mbili, nikakanyaga breki, nikangoja. Alichukua muda mrefu. Nilisikia kandambili zake kabla ya kumwona, nikajikuta nimeshika usukani kwa nguvu. Akafungua kwa rimoti yake, mkono mwingine ukiwa umeshika ukuta.

"Una kitufe, unapiga honi. Unaumwa?"

"Nimekuja kwa mazungumzo. Shikamoo."

"Uko nje."

Nikaingiza gari, nikashuka, nikaamkia upya. Aliitikia. Alikuwa amepungua, na alikuwa anaelekeza sikio upande wangu kuliko macho. Nikamwambia yote kwa mfululizo, kabla sijaanza kuyapanga: dereva wa Jumatatu, kauli ya shangazi, simu ya mwanawe, na kwamba aliniambia nifanye kimyakimya.

"Alisema mama asijue?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukaja kuniambia."

"Ndiyo, Metroni."

Alicheka kidogo, kwa pua. Kisha akakaa kwenye ngazi ya baraza, na akanieleza kile alichosema zamani kwamba atanieleza.

"Kazini nilipokea watu wengi waliochelewa. Ndugu wanakuja wanalia, ooh, hatukujua anaumwa. Walijua. Walikuwa nje wanagonga. Yeye yuko ndani, amefunga juu, amefunga kati, amefunga chini, kama mie. Wanamwita fundi avunje mlango, fundi hapatikani. Wengi wao hawakuchelewa kutafutwa, Msomi. Walichelewa kufunguliwa."

Nikakaa kando yake kwenye ngazi.

"Mwanangu anaogopa mtu ataingia. Hajakosea. Mie naogopa hakuna atakayeingia. Na mie sijakosea. Sasa?"

"Sasa nitafuta," nilisema. Alinyanyua kichwa. "Hiyo ya gari nitaifuta hapa, mbele yako. Halafu naomba ile ya kwenye kopo."

Alinyoosha kanga yake magotini.

"Kitu kikipotea humu ndani, utakuwa wa kwanza kuulizwa. Unalijua hilo?"

"Ndilo nililokuwa naliogopa."

"Endelea kuliogopa. Simpi mtu asiyeogopa."

Akataka kushuhudia. Nilimshika mkono, akakaa kiti cha abiria, mie nikakaa kwa dereva. Nikashikilia vitufe viwili vya pembeni. Taa ikawaka, ikatulia, kisha ikaanza kupepesa haraka. Alikuwa amesogeza uso karibu sana, kama anayeangalia mboni ya mgonjwa.

"Amekwenda?"

"Amekwenda."

Nikabonyeza cha tatu ili ahakikishe. Geti halikutikisika. Akakaa akiliangalia kwa muda, geti lake na mwinuko wake, halafu akapapasa kitasa cha mlango, akashuka mwenyewe. Aliingia ndani, nikasikia kopo likifunguliwa, mkasi ukilia. Alirudi na rimoti bila plastiki.

"Ufunguo wa kuachilia mota unajua ulipo."

"Najua."

"Jiwe unalijua."

"Nalijua."

"Makomeo ya mlango wa nyumba na kitasa cha chumbani nitaacha kuvifunga. Ukiingia, ngoja geti lijifunge, kuku wangu wasitoke wakaliwa. Haya, kajaribu."

Nilitoka kwa miguu. Geti likajifunga nyuma yangu, nikabaki juu ya mwinuko na kitu kidogo cheusi kiganjani, kikiwa na uzito wa kiberiti. Chini, mama wa vitumbua alikuwa anapanga biashara ya jioni, akaniangalia. Nilifikiria mambo kadhaa ambayo huenda yasitokee. Kisha nikabonyeza, na geti likafunguka.

Metroni alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mikono nyuma.

"Hujapiga honi."

"Sina gari, Metroni."

"Mdomo unao."

"Watu wananiangalia."

"Wewe nakuona kivuli tu, mtakuwa wangapi mnaoingia humu, nitajuaje ni nani? Toka, rudia."

Nikatoka. Geti likajifunga. Nikasimama pembeni ya lile jiwe la chokaa, mhitimu wa chuo kikuu, mchana kweupe, nikabonyeza, na geti lilipoanza kusogea nikapiga honi kwa mdomo, mbili fupi, kwa sauti. Mama wa vitumbua akaangua kicheko. Nikaingia ndani, nikangoja geti lijifunge nyuma yangu, ndipo nikamwamkia.